Ufunguo Uko kwa Wenye Mashine

"Ondoa zote," Bawaba alisema. "Usiwaachie hata moja."

Binti yake alikuwa ameketi kwenye kigoda, laptopu iko juu ya benchi la chuma kati ya kopo la vijiti vya kuchomelea na fremu ya dirisha ambayo haijapigwa msasa. Jua la mchana lilikuwa limesimama palepale juu ya bati la karakana kama limelipwa kukaa. Kwenye kioo kulikuwa na kidirisha kinachoitwa Usanidi wa Mfumo, kitu ambacho hukinunui, kinakuja na kompyuta yenyewe. Mle ndani kumepangwa kila kinachoamka pale kompyuta inapoamka, na kila kimoja kina kisanduku cha tiki. Ukiondoa tiki, hicho kinabaki usingizini.

Laptopu haikuwa yao, ilikuwa ya hospitali. Mke wa Bawaba, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa stoo ya hospitali hiyo, na wakubwa walimpa mashine aende nayo nyumbani akamalizie kazi ambazo ofisini hazikuisha. Tangu azikwe walishatuma mtu kuidai. Bawaba alimjibu mtu huyo kwamba aliyemtuma aje mwenyewe.

Hakuing'ang'ania kwa tamaa. Ndani yake mlikuwa na video ambayo binti yake aliipiga wodini kwa simu jioni ile mama alipokufa. Simu yenyewe iliuzwa wiki ileile ya mazishi. Video, aliyokwisha kuihamisha kwa bluetooth, ikabaki kwenye laptopu peke yake. Sasa tume ya uchunguzi ilikuwa inakaa keshokutwa, na imetaka faili lenyewe, si picha ya picha iliyopigwa juu ya kioo. Tabu ni kwamba laptopu ilikataa flashi. Kila ikichomekwa yalitokea maneno: Kifaa hiki kimezuiwa na msimamizi wako. Kutuma kwa barua pepe nako kulifungwa. Barua za mashine ile hazikuvuka geti la hospitali.

"Baba, ngoja," binti alisema. Wenyewe walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba. "Kuna kisanduku hapa chini. Ukikitia tiki, kinaficha vitu vya kompyuta yenyewe, vinabaki vya watu wa nje tu. Tuondoe hivyo vya nje."

"Na vya kwao utavijuaje?"

"Vina majina."

"Majina." Bawaba alicheka bila kufurahi. "Watu wamelala na dawa za wagonjwa majumbani kwao miaka yote wasijulikane, leo waandike majina yao mlangoni? Ondoa zote, mwanangu."

Kitinda alikuwa amesoma mambo ya kompyuta muhula mmoja kabla ada haijamrudisha nyumbani, na kitu ndani yake kilimwambia hapana. Lakini baba yake alikuwa amesimama nyuma ya bega lake, anapumua kwa nguvu, na tangu msiba hakuna aliyebishana naye akapata faida. Akabonyeza Zima Zote. Tiki zikafutika kutoka juu mpaka chini. Kwenye ukurasa mwingine akatia tiki kwenye Hali Salama, ili mashine iamke na mifupa yake tu. Kompyuta ikauliza kama ianze upya. Bawaba akaitikia kwa kichwa, kama ni yeye aliyeulizwa.

Ikazimika. Kwa jirani kinyozi mashine ya kunyolea ilisikika ikilia, ikanyamaza, ikalia tena. Kioo kilipowaka hakikuleta ile picha iliyozoeleka, ya mama amesimama kwenye fremu ya mlango mpya, mkono una rangi, anamcheka mpiga picha. Kilileta ubuluu mtupu na maandishi meupe.

"Inasemaje?"

"Inataka ufunguo."

"Ufunguo gani?"

Kitinda akamsomea taratibu. Mashine imeona mambo ya kuwaka kwake yamebadilishwa, kwa hiyo imejifunga. Ili ifunguke aingize ufunguo wa kurejesha, tarakimu za kujaza mistari miwili. Chini kabisa palikuwa na maneno mengine, na hayo aliyasoma kwa sauti ndogo: "Ufunguo huu anao msimamizi wa taasisi yako."

Bawaba alimwambia arudie. Akarudia. Mzee akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa, na Kitinda akajua anafikiria mlango.

*

Mlango huo ulikuwa wa stoo ya mitungi ya hewa, mwisho wa korido ya wodi. Bawaba aliutengeneza mwenyewe, zamani hizo hospitali inajengwa: bamba nene, bawaba nne badala ya tatu, fremu imezamishwa ukutani. Ndiyo kazi iliyompa jina. Alipoukabidhi, injinia aliusukuma kwa bega, akasema huu hata tembo atarudi kwao.

Jioni ile mke wake aliposhindwa kuvuta pumzi, muuguzi alikimbia koridoni na kurudi mikono mitupu. Video inaanzia hapo. Picha inatikisika, kitanda kinaonekana nusu, na muuguzi anasema wazi kabisa: mitungi ipo, imejaa, imefungiwa, ufunguo anao Katibu wa hospitali, ameondoka nao, na simu hapokei. Kisha wanaume wanasikika wakiupiga mlango mabega. Mmoja wao ni Bawaba. Mlango haukutingishika.

Katika taarifa yake kwa tume, hospitali iliandika kwamba siku hiyo mitungi haikuwepo, lori lilichelewa, na kwa kudra hakuna wa kulaumiwa.

*

Asubuhi alivaa shati lake zuri, ambalo nalo lilikuwa na matundu ya cheche kifuani, akatia laptopu kwenye mfuko wa saruji uliofuliwa, akaenda. Kitinda alitaka kufuatana naye, akamkatalia. Hakutaka mtoto aone baba yake akiomba.

Getini mlinzi alimfahamu. Alimuuliza kama amekuja kukagua milango yake, kisha akaupekua mfuko mpaka chini, akaitoa laptopu na kuigeuzageuza mbele ya watu kama imekutwa kwa mwizi. Ghorofani, karani wa mapokezi alimtandikia gazeti juu ya kiti cha wageni kabla hajamruhusu kukaa. Alilitandika vizuri, akalinyoosha kona. Bawaba akakaa juu ya gazeti, na kila akijitingisha lilimchongea.

Aliyeshughulika na kompyuta za hospitali alikuwa mwanamume mwembamba mwenye miwani, na wote walimwita Fundi Mitambo. Aliiwasha laptopu, akautazama ubuluu ule, akatazama msururu wa herufi chini yake, akasema kwa upole kwamba ufunguo anao, unatunzwa kwao kwa kila mashine, ila hana ruhusa ya kuutoa. Ni mpaka Katibu.

"Basi niitie huyo Katibu," Bawaba alisema.

Hakuwa na haja ya kuitwa. Alishasimama mlangoni, mama mnene wa makamo mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto alale. Alimpa Bawaba mkono, akaushika muda mrefu, akampa pole ya msiba. Alisema marehemu alikuwa kama mdogo wake. Alisema aliagiza maua, hajui kama yalifika. Bawaba alikuwa amejiandaa kwa matusi. Amejipanga na majibu yake njia nzima, na sasa hayakuwa na mahali pa kutua.

"Tatizo ni nini, mzee wangu?"

Fundi Mitambo akaeleza, na Bawaba akakiri kwamba waliondoa tiki. Katibu akasikiliza huku akiitikia, halafu akasema neno moja tu. "Mpe."

Fundi Mitambo akainua uso. "Mama, kwa utaratibu ingebaki hapa tuifungue sisi..."

"Mpe, nimesema. Sisi si wanyama. Mzee ana vitu vyake mle, picha za mkewe, ataziacha vipi?" Akamgeukia Bawaba. "Mimi naomba kitu kidogo tu. Wewe unamiliki karakana, unajua maana ya chombo cha mtu. Mkishaingiza ufunguo, mrudishe kila kitu mlichokiondoa, tiki zote, kama ilivyokuwa. Kesho kabla ya tume kukaa, iwe mezani kwangu inawaka. Sipendi jambo la kifamilia lifike polisi."

Alisema hayo akitabasamu. Kisha akavuta simu yake, akaondoka koridoni akiongea na mtu kwa sauti ileile laini. Bawaba alisikia neno "kesho" na neno "mashine," mengine yakamezwa na mlango wa aluminiamu.

Fundi Mitambo aliandika tarakimu kwenye karatasi, akazihakiki kwa kidole, akazihakiki tena. Mkono wake ulikuwa mzito kuliko kazi yenyewe. Alimsindikiza mgeni mpaka kwenye ngazi, jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Pale, akiwa anatazama chini, alisema kama mtu anayejisemea.

"Mzee, hiyo laptopu, kabla haijashika mtandao, chukueni kwanza kila mnachokihitaji. Kila kitu."

"Kwani ikishika mtandao?"

"Mimi nina watoto," Fundi Mitambo alisema, akapanda ngazi kurudi juu.

*

Njia nzima Bawaba alikuwa na neno moja kinywani, kama mtu anayetumwa dukani: video, video. Hasira ilikuwa imemrudia, na alifurahi kuwa nayo. Alipofika karakana alilitua fuko, akamwambia binti yake kwamba wamempaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba yule mama hatoi kitu bure, na kwamba fundi wao mwenyewe amemtonya: watoe video kwanza, kabla ya jambo lolote.

"Alisema video?"

"Alisema tuitoe. Sasa tutoe nini kingine?"

Kitinda hakuuliza zaidi. Aliingiza tarakimu, baba akimsomea kwenye karatasi moja moja, kwa ukali, kama anamhesabia misumari. Lakini hakuiacha mashine iende kuamka. Alikuwa amekesha na wazo. Kwenye chaguo za urekebishaji, zile zinazokaa ndani ya kompyuta zikisubiri siku ya balaa, kulikuwa na dirisha jeusi la amri. Alilifungua, akaandika jina la ile programu ndogo ya kuandikia maneno matupu, nayo ikafunguka, nyeupe katikati ya weusi.

"Unaandika barua?" Bawaba aliuliza.

"Hapana. Programu hii ina sehemu ya kufungua faili. Ukiingia hapo unaona diski yote. Na hapa tulipo, vitu vya hospitali havijaamka, hakuna wa kuikataa flashi."

Akachomeka flashi. Wote wawili wakasubiri yale maneno ya kuzuiwa. Hayakuja. Diski zilikuwa zimebadilishana herufi na ilimbidi atafute, anaingia na kutoka, mpaka akalipata kabati la mama yake, folda la faili zake. Ndani yake majina yalijipanga marefu, mamia, ya herufi na namba tu. Pale hapakuwa na sura. Picha ya mtu na hesabu ya pamba zilifanana.

"Ile pale," Kitinda alisema, akiitambua kwa tarehe ya jioni ile. Akainakili, akaibandika kwenye flashi, akaitoa na kuichomeka tena ahakikishe ipo. Ilikuwepo, na uzito wake ni uleule.

Bawaba aliipokea kwa viganja viwili. Akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo, akakipiga kibao kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu msiba Kitinda alimwona baba yake akicheka, meno yote nje. Alisema kesho yule mama atazungumza na ile sauti yake mbele ya watu, tuone itambembeleza nani. Alienda hata kwa kinyozi kumwambia, akarudi na kiti cha kuazima, akakaa.

"Na hivi vya mama vingine?" Kitinda aliuliza. "Picha zake. Na zile sauti."

Mama alikuwa na tabia ya kujirekodi kabla ya vikao vya mtandaoni, kujaribu kama kipaza sauti kinasikika. Alianza kwa kuhesabu, halafu akasahau na kuanza kusema na watu wa nyumbani: nani amechukua mwavuli wangu, baba Kitinda, chai hiyo unainywa au unaitazama. Hakuzifuta. Alisema siku moja atawachekesha nazo wajukuu.

"Chukua," Bawaba alisema. "Kuna haraka gani?"

"Hapa ni majina tu, sijui ipi ni ipi. Ikiwaka vizuri nitaziona kwa sura, nichague, halafu nirudi huku kuzinakili." Akafikiri kidogo. "Kisha lazima iwake vizuri, si umesema wanaitaka kesho?"

"Rudisha tiki zao. Chetu tumeshapata."

*

Jua lilikuwa limeshuka upande wa kinyozi. Kitinda alifungua tena Usanidi wa Mfumo, akaondoa Hali Salama, akachagua Kawaida, na tiki zote zikarudi mahali pake kwa mara moja, za kompyuta na za hospitali, zimesimama mstari. Akaanzisha upya. Safari hii hakukuwa na ubuluu. Ilivuma kidogo, ikafikiri, halafu mama akatokea kwenye fremu ya mlango na rangi mkononi.

Bawaba alisogeza kiti.

Kitinda akafungua kabati, na sasa majina yakavaa sura. Mama na mwavuli. Mama amelala kwenye kochi, mdomo wazi, picha aliyoapa kuifuta. Kitinda mwenyewe hana meno mawili ya mbele. Bawaba kijana, na nywele. Akabonyeza sauti moja, ya katikati, bila kuchagua.

"Moja, mbili, moja, mbili," mama alisema ndani ya karakana. "Mnanisikia huko? Baba Kitinda, punguza hiyo nyundo, mimi niko..."

Ikakatika. Kitinda alidhani amegusa kitu. Pembeni mwa kioo, chini kabisa, aliona alama ndogo ya mtandao imejaa. Hakuiunganisha yeye. Ulikuwa mtandao wa kinyozi. Mama ndiye aliyewahi kuiagiza mashine iukumbuke, siku nyingi, ili asisumbuke kila asubuhi. Mashine ilikuwa imekumbuka.

"Baba, yule fundi alisema nini hasa?"

"Si nimekwambia..."

"Maneno yake. Yote."

Bawaba alifungua mdomo. Alimwona yule mwembamba kwenye ngazi, macho chini. "Alisema kabla haijashika mtandao," alisema polepole. "Alisema tuchukue kila kitu."

Kitinda alirukia kidude cha kuzima waifai. Kioo kilishageuka cheusi. Katikati yake kulikuwa na duara la vidoti vinavyokimbizana, na maneno: Tunairejesha kompyuta hii katika hali yake ya mwanzo. Usiizime. Alibonyeza kitufe cha kuzima akakishikilia mpaka kucha ikawa nyeupe. Ikazimika, na alipoiwasha ilirudi palepale, kwenye duara lilelile, imetumwa na wenyewe na inakwenda kumaliza. Aliita tena zile chaguo za urekebishaji. Zilikuja, akalifungua dirisha jeusi, akatafuta kabati la mama yake. Herufi za diski zilikuwepo. Kabati halikuwepo.

Bawaba alikuwa amesimama bila kujua. Mkono wake ulikuwa kifuani, juu ya kifungo cha mfuko.

"Mpigie yule fundi."

"Tuna namba yake?"

Hawakuwa nayo. Kinyozi alichungulia, akauliza kama ni umeme. Alipoona nyuso zao akajiondokea. Duara lilizunguka. Kitinda aliweka kichwa juu ya benchi, karibu na kopo la vijiti, na mabega yake yakaanza kutikisika bila sauti, na baba yake hakujua amshike wapi. Alikuwa fundi wa vitu vigumu. Akamshika kisigino cha kiatu, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

Kioo kilipowaka kilikuwa cheupe, kisafi, kama kibao cha dukani. Palikuwa na neno Karibu, na chini yake swali. Bawaba akamwambia asome. Kitinda akafuta uso kwa mkono wa gauni.

"Inauliza ni nani atakayekuwa anaitumia."

Mzee akafungua kifungo cha mfuko, akaitoa flashi na kuiweka kiganjani. Ilikuwa nyepesi, haina hata uzito wa skrubu. Kesho saa tatu wataichomeka mbele ya tume, na Katibu atakaa pale na maua yake, na watu wazima wenye tai watamsikiliza muuguzi akisema ufunguo anao nani. Hilo hawataweza kulikana. Hilo alilitaka, na analo.

"Humu," alisema, "mama yako anasema nini?"

Kitinda akakifunga kiganja cha baba juu ya flashi.

"Humu hasemi kitu, baba. Humu anaongea muuguzi."